Ghala na Chemchemi: Intaneti na Mtunzi Chipukizi wa Pwani ya Kusini

1. Utangulizi

Suala la chimbuko la sanaa si geni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Katika miaka ya 1970 wataalamu wetu walivutana sana juu ya mshairi na mahali anapostahili kuchota kaida zake. Wako walioshikilia kuwa hana budi kuzirithi kwa wazee pamoja na vina na mizani. Na wako, miongoni mwao E. Kezilahabi aliyetoa Kichomi mwaka 1974, walioona kuwa msanii hafungwi na mirathi hiyo. Mvutano huo haukwisha, bali umehama. Kijana wa leo anayetaka kutunga aghalabu haanzi kwa mzee wala kwa maktaba. Huanza kwa simu yake. Makala haya yanakusudia kuchunguza anachokipata humo na asichokipata, kwa kutumia mfano wa Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilicho karibu na Shimoni, Kaunti ya Kwale.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Nyenzo ni vitu anavyovitumia mtunzi: kamusi, miswada, diwani, mifano ya fani. Msukumo ni lile jambo linalomfanya ashindwe kunyamaza. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, pasipo maktaba yoyote. Msukumo wake ulikuwa dhiki. Nyenzo zake alikuwa nazo kichwani, kwa kuwa alilelewa ndani ya ushairi wa Mombasa. Swali letu basi ni hili: je, intaneti ni ghala au ni chemchemi?

2. Mali iliyomo ghalani

Ni haki kukiri neema iliyopo. Mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Karatasi zake zikaishia katika chuo cha SOAS, London, na diwani yenyewe ikahaririwa na W. Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940. Kwa miaka mingi Mswahili aliyetaka kuona mwandiko wa wahenga wake alilazimika kwanza kutafuta pasipoti. Mwandishi wa makala haya mwenyewe aliiona miswada ya namna hiyo kwa mara ya kwanza alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, na furaha yake ilichanganyika na fedheha. Leo orodha ya miswada ya SOAS, na picha za baadhi yake, zinaweza kutazamwa na mtu aliyeketi Msambweni.

Kadhalika jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, husomwa bila malipo. Tuzo ya fasihi iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Safal-Cornell, imewafikia watunzi wa mbali kwa njia hiyo hiyo ya mtandao. Mtu anayesema kuwa intaneti haina faida kwa fasihi yetu hajaitazama.

3. Kasoro za ghala

Hata hivyo ghala hujazwa na watu, na kila mjazaji huwa na chaguo lake. Wakusanyaji wa zamani walivutwa zaidi na Lamu na Mombasa, kwenye tenzi na miswada ya khati za Kiarabu. Pwani ya kusini ilipata bahati ya namna nyingine. H. E. Lambert alichapisha utafiti wake juu ya Kivumba mwaka 1957 na juu ya Chichifundi mwaka 1958. Kazi hizo ni hazina, lakini zilikusudiwa kueleza lahaja, si kumlea mtunzi. Kwa hiyo kijana wa Kibuyuni, mahali ambapo Chichifundi, Kivumba na Chidigo husikilizana kila siku, akiingia ghalani hukuta sauti ya kila mtu isipokuwa yake.

Kasoro ya pili ni ufunguo. Orodha nyingi za miswada ya Kiswahili zimeandikwa kwa Kiingereza, na miswada yenyewe inataka msomaji anayezijua khati za Kiarabu. Mlango umefunguliwa, lakini aliyealikwa hana taa.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi kwa mhakiki. Mafunzo ya utunzi yanayopatikana kwa wingi humo yametoka katika mapokeo ya riwaya na filamu za Ulaya na Marekani. Mtunzi huambiwa kuwa ni kosa kueleza. Sharti aonyeshe tu. Kanuni hiyo ina manufaa yake, lakini ikichukuliwa kuwa sheria huihukumu ngano nzima ya Kiswahili, ambamo fanani hueleza waziwazi, huisemesha hadhira, na hufunga kwa methali pasipo kuomba radhi. Kuelezea kwa fanani ni fani, si udhaifu.

4. Mfano wa Kibuyuni

Kijana mmoja wa Kibuyuni aliniletea hadithi fupi ya mwanamke mkulima wa mwani. Alikiri kuwa alitiwa moyo na habari aliyoisoma katika simu: kwamba Mohammed Ghassani, Mpemba aishiye Ujerumani, alituzwa mwaka 2015 kwa diwani iitwayo N'na Kwetu. Akajiambia kuwa hata yeye ana kwao. Hapo intaneti ilifanya kazi njema, wala hatuna haki ya kuibeza.

Lakini hadithi yenyewe ilianza asubuhi tulivu, jua likichomoza juu ya mchanga mweupe, mawimbi yakipiga, na mwanamke akishuka baharini kufunga mwani. Sentensi zilikuwa sanifu. Alipoisoma mbele ya mama yake, ambaye naye hulima mwani, mama alimkatiza kwa swali moja: "Mwanangu, maji yalikuwaje siku hiyo?"

Hakuwa na jibu. Mkulima wa mwani haendi shambani kwa sababu jua limechomoza. Huenda maji yakipwa. Saa yake ni mwezi. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali, naye huzifikia kamba na vigingi vyake. Maji yakiwa mafu, hutazama tu. Bahari ya hadithi ile ilikuwa bahari ya picha za watalii wa Diani.

Kijana aliiandika upya. Sasa mwanamke anadaiwa, mwani wake umekomaa, na maji ni mafu. Siku zinahesabiwa, mdai anakuja, na kamba ziko chini ya maji mbele ya macho yake. Mgogoro ambao mafunzo ya simuni yalikuwa yakimhimiza autafute ulitoka katika swali la mama. Tunaona basi kuwa msamiati wa mahali si pambo la kupachikwa baada ya kutunga. Ndani yake mna ujuzi, na katika ujuzi huo ndimo muundo wa kisa unamozaliwa.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa intaneti ni ghala, tena ghala kubwa, lakini chemchemi iko kwingine. Hatari ni kijana kuona kuwa kisichokuwamo ghalani hakifai kuandikwa. Wajibu wa kuiondoa hatari hiyo ni wetu sisi wa idara za Kiswahili. Kwanza, wanafunzi wetu watokao Kwale wapewe kazi ya kurekodi ngano, nyimbo za kazi na msamiati wa bahari, kwa idhini ya wenyewe, na nakala zirudi kijijini kabla ya kupelekwa kokote. Pili, orodha za miswada zitafsiriwe kwa Kiswahili, na khati za Kiarabu zifundishwe kwa watunzi, si kwa watafiti peke yao. Tatu, uhakiki wetu uache kupima kazi za vijana kwa usanifu wa sentensi pekee. Swali la mama yule lilitangulia vipimo vyetu vyote, na mhakiki hatapata hasara akianza nalo.