Kidukari mwenye waya mgongoni

Aliyewahi kulima sukuma wiki anamjua kidukari, kale kadudu laini kanakojazana chini ya jani mpaka linajikunja na kunata. Wengi wetu tunammwagia maji ya sabuni, basi. Huko Lausanne, Uswisi, watafiti walimpa kazi.

Kiwavi akitafuna jani, umeme hukimbia kutoka kwenye jeraha hadi majani mengine, nayo huanza kujitengenezea kinga. Mwaka 2013 maabara ya Edward Farmer, hukohuko Lausanne, ilionyesha hayo kwa elektrodi za fedha zilizogusishwa juu ya majani ya arabidopsi, kijimea cha ukoo wa kabichi. Lakini huko ni kutega sikio nje ya mlango. Ndani kuna mishipa inayosafirisha sukari, na ukiichoma kwa sindano ya kioo hujiziba.

Kidukari huichoma kila siku. Mdomo wake hupenya taratibu baina ya seli, na mate yake huufanya mshipa uendelee kupitisha utamu.

Basi fundi huketi kwenye darubini. Humtia mdudu tone la gundi yenye fedha mgongoni, dogo mno, kwani likichuruzika hadi miguuni kazi imeharibika. Juu ya tone hulaza ncha ya waya wa dhahabu, mwembamba kuliko unywele, ulioachwa ulegee ili mdudu atembee kama mbuzi kwenye kamba ndefu. Waya wa pili huchomekwa kwenye udongo wa chungu. Mdomo ukizama tu kwenye jani, mzunguko wa umeme umekamilika na skrini inaanza kuchora.

Halafu ni kungoja, pengine saa kadhaa. Mwenye jicho husoma mawimbi: hapa bado anatafuta njia, hapa anatema mate mshipani, hapa ananyonya. Hakuna wa kumharakisha. Mbinu hii ilizaliwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kumchunguza mdudu mwenyewe, na Mholanzi Freddy Tjallingii akainoa. Mwaka 2014 yeye, Farmer na Vicenta Salvador-Recatalà waliigeuza: mdudu akawa chombo, mmea ndio ukasomwa. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia.

Kiwavi akaletwa. Alipotafuna ubapa wa jani, mchoro uliruka kama milivolti 60 ndani ya sekunde 2. Alipoharibu mshipa mkuu, wimbi lilifika jani jirani ambalo hakuligusa kabisa. Majani ya mbali zaidi yalipata wimbi la polepole, milivolti 30 hivi, likipanda kwa sekunde 14.

Wakajaribu na mimea ambayo jeni zake mbili, GLR3.3 na GLR3.6, zimezimwa. Kiwavi akala vilevile. Kwenye jani jirani kidukari alikuwa ametulia, mdomo mshipani, waya mgongoni. Mchoro haukuruka.