Kiwanja Kwanza, Ramani Baadaye

Mgodi wa Buzwagi, ulioko Mwendakulima nje kidogo ya mji wa Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Nyuma yake palibaki umeme wa msongo mkubwa, kiwanja cha ndege, ofisi na barabara za ndani. Mtu aliyekuwa akipita barabara ya Isaka angeweza kudhani kwamba kazi iliyobaki ni kumkabidhi mwenye kiwanda funguo. Lakini kwenye makaratasi ile ilikuwa bado ardhi ya mgodi. Kulikuwa na mpango wa kufunga mgodi wa kutekeleza, shimo kuu la kuwekwa salama, na matumizi ya ardhi ya kubadilishwa kisheria kabla ya tofali jipya kupangwa. Serikali na kampuni ya Barrick, mwenye mgodi, walikubaliana pageuzwe kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi, na tangazo rasmi likatoka mwaka 2024. Mwaka huohuo kampuni ya Tembo Nickel ilipata leseni ya mtambo wa kusafisha madini uliopangwa kujengwa hapo.

Ni miaka mitatu hivi kati ya kufungwa kwa lango na tangazo, na hao ni wakubwa, wenye wanasheria na washauri wa kila aina. Naianza safu hii kwa Buzwagi kwa sababu mwenye kiwanja cha kawaida huko Nyasubi mjini Kahama au Katoro mkoani Geita hupitia maswali yaleyale: ardhi hii ni ya matumizi gani, nani aliamua hivyo, na uamuzi huo umeandikwa wapi. Tofauti ni kwamba yeye huulizwa maswali hayo akiwa ameshafyatua tofali.

Mazoea ya kwetu yanajulikana. Mtu akipata fedha, iwe ya mpunga, ya ng'ombe au ya duara (shimo la wachimbaji wadogo) lililotoa dhahabu, hutafuta kwanza ramani ya nyumba. Ramani zinauzwa hata kwa simu. Kisha hutafuta fundi, na baada ya msingi kutoka ndipo huenda halmashauri, mara nyingi kwa sababu ameshaandikiwa ukutani asimamishe ujenzi. Nadhani utaratibu huu umegeuzwa kichwa chini, na katika ukanda wetu wa dhahabu wa Kahama na Geita gharama yake ni kubwa kuliko kwingine. Ramani ndiyo sehemu rahisi ya jalada la kibali. Kinachokwamisha majalada ni kiwanja chenyewe.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inamkataza mtu kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwa mwananchi wa kawaida ni halmashauri yake. Jalada linalopelekwa huwa na uthibitisho wa umiliki, michoro ya usanifu, na kwa ghorofa michoro ya miundo iliyopigwa muhuri na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mbunifu majengo naye ana bodi yake, na mkandarasi ana yake. Likishalipiwa, jalada hupita kwa afisa mipango miji, afisa ardhi, mhandisi na afisa afya, na kwa majengo makubwa kwa Zimamoto, kisha huingia kwenye kikao cha vibali. Siku hizi maombi hufanyika pia kwa mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, mwombaji akilipa kwa kumbukumbu namba. Mfumo umepunguza safari za kubeba makaratasi kutoka meza hadi meza, lakini hauwezi kurekebisha kiwanja ambacho hakipo kwenye mchoro.

Hapo ndipo penye kiini. Kiwanja halali cha mjini hutengenezwa kwa hatua tatu zinazofuatana: mchoro wa mipango miji unaidhinishwa, mpima anaweka bikoni na ramani ya upimaji inaidhinishwa, kisha mtu anamilikishwa kwa barua ya toleo na hati. Mchoro ndio unaosema hapa ni makazi pekee, pale ni makazi na biashara, kule ni viwanda, na huku ni shule ambayo bado haijajengwa. Afisa anapolifungua jalada lako, kabla ya kuangalia vyumba vingapi umechora, huangalia namba ya mchoro na matumizi yaliyoandikwa.

Sasa tazama jinsi miji yetu ilivyokua. Wilaya ya Kahama iligawanywa mwaka 2012 ikazaa halmashauri za Msalala na Ushetu, na mji wenyewe ukapandishwa kuwa manispaa mwaka 2021. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kila mara mji unapopanuka, vijiji hugeuka mitaa. Ardhi iliyokuwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ikisimamiwa na halmashauri ya kijiji, huingia katika eneo la mipango. Yule aliyenunua ekari mbili za shamba kwa hati ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji hakudanganya wala hakudanganywa. Karatasi yake ilikuwa na nguvu siku ile. Lakini huwezi kuombea kibali cha ujenzi shamba la ekari mbili ambalo mchoro umepitisha barabara ya mita 15 katikati yake.

Njia ya kutoka hapo ni urasimishaji: wakazi wa mtaa wanakubaliana, wanachangia, kampuni au halmashauri inapanga na kupima yale yaliyokwisha kujengwa, na kila mmoja anaachia kipande kwa ajili ya njia. Kazi hii ni ngumu kwa sababu jirani mmoja akikataa kuachia njia, nyumba tano nyuma yake hukosa pa kupita gari la Zimamoto. Inachosha, lakini sioni njia nyingine ya kumfikisha mtu kwenye kibali pale ambapo nyumba zilitangulia mchoro. Anayenunua leo ana nafasi ya kuukwepa mzigo huo: aulize namba ya mchoro kabla ya kulipa, na kama hakuna, ajue kwamba bei ya chini anayotajiwa haijahesabu safari iliyobaki.

Ukanda wa dhahabu una tabaka la pili, na hapa wageni wengi huumia. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Madini yaliyo chini nayo ni mali ya umma chini ya udhamini huohuo. Vitabu viwili tofauti, hata hivyo, ndivyo vinavyoonyesha nani ana haki gani. Kitabu cha juu kiko Wizara ya Ardhi na kwenye halmashauri. Kitabu cha chini kiko Tume ya Madini, ambayo ina mikoa yake ya kimadini isiyofuata mipaka ya mikoa ya kiutawala. Kahama ni mkoa wa kimadini, Mbogwe ni mkoa wa kimadini, ingawa huwezi kumkuta Mkuu wa Mkoa wa Mbogwe popote.

Leseni ya mchimbaji mdogo wa dhahabu inaweza kufika hekta 10 na hudumu miaka 7. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mmiliki halali wa ardhi kabla ya kuchimba karibu na nyumba au kwenye shamba lililolimwa. Ulinzi huo ni mzuri. Ila unamlinda mmiliki halali, na neno hilo linaturudisha kwenye karatasi. Nyumba isiyo na kibali, juu ya ardhi isiyopimwa, ndani ya eneo lenye leseni, inamweka mwenye nyumba mezani akiwa na maneno mengi na ushahidi mchache. Thamani ya fidia hujadiliwa kwa nyaraka.

Geita wanalijua jambo hili kuliko sisi sote. Leseni kubwa ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita ni ya mwaka 1999 na mgodi ulifunguliwa mwaka 2000, wakati mji ukiwa mdogo. Mji ukakua kuelekea mgodini na mgodi ukachimba kuelekea mjini. Mitaa kama Nyamalembo na Katoma imekuwa katika malalamiko ya muda mrefu, ama ya nyufa ambazo wakazi wanasema zinatokana na ulipuaji wa miamba, ama ya kuishi ndani ya vigingi vya leseni bila kujua kama wajenge au wangoje. Familia inayoambiwa isiendeleze eneo na wakati huohuo haijalipwa ili ihame imefungwa pande zote mbili. Naliona hilo kuwa kosa la mfumo wa upangaji, kwa sababu mchoro wa mji na ramani ya leseni zingeweza kulazwa juu ya meza moja tangu mwanzo, na migongano ikaonekana kabla ya watu kupiga plasta.

Kuzilaza mezani kunawezekana leo. Tume ya Madini ina ramani ya leseni inayofunguka kwa intaneti, na mtu mwenye majiranukta ya kiwanja chake anaweza kuona kama kimeangukia ndani ya leseni ya mtu. Kwa maoni yangu, halmashauri za Kahama, Msalala, Geita, Mbogwe na Nyang'hwale zingepaswa kuifanya hatua hiyo kuwa sehemu ya ukaguzi wa kila ombi la kibali, afisa mipango miji akiandika kwenye jalada kwamba ameangalia. Ni kazi ya dakika chache, na inamwepusha mtu kujenga nyumba ya maisha yake juu ya eneo la mwenzake la kuchimba.

Kuna pia barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009 zilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, ambapo zamani ilikuwa mita 22.5. Usukumani jambo hili lina historia yake. Wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kutoka walikotawanyika wakapangwa kandokando ya barabara. Wajukuu wao ndio wanaoamka na kukuta alama ya X ukutani. X nyekundu humwambia mwenye nyumba kwamba yumo ndani ya hifadhi bila haki ya fidia. Ya kijani humwambia atafidiwa kwa sababu alikuwepo kabla hifadhi haijapanuliwa. Mwenye kiwanja kando ya barabara ya Isaka au ya Katoro apime mita zake mwenyewe kabla hajamwita mchoraji.

Mabadiliko ya matumizi yanahitaji mistari yake, kwa kuwa ndiyo ombi linalopuuzwa kuliko yote. Mtu ana kiwanja cha makazi, anaweka karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nyuma ya nyumba. Jirani anaweka mwalo wa kuoshea mawe yaliyosagwa. Baada ya miezi mtaa mzima unatikisika usiku na watoto wanacheza karibu na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliooshwa. Sheria haikatazi karasha. Inataka liwe kwenye ardhi iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kubadili matumizi kunamtaka mwombaji atangaze gazetini na kwenye eneo lenyewe, majirani wapate nafasi ya kupinga, kikao cha mipango miji kijadili, na uamuzi upande ngazi za juu. Juu ya hapo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Mwenye kuchenjua hupenda kukaa karibu na maji, na maji hayo ndiyo yanayonyweshwa mifugo upande wa chini. Kati ya vibali vyote nilivyovitaja, hiki cha mabadiliko ya matumizi ndicho ningependa halmashauri zikisimamie bila huruma.

Baada ya kiwanja kusafika, ndipo ramani. Na hata ramani katika nchi hii ya Shinyanga lazima isome ardhi. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo wao kabla ya maabara: luseni ya mchanga, itogolo ngumu, mbuga nyeusi. Mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi wa kawaida wa kina kifupi hukatika juu yake. Ramani ile iliyonunuliwa kwa simu ilichorwa bila kujua chochote kuhusu mbuga. Mhandisi wa halmashauri anapodai kipimo cha udongo, mwombaji huona anacheleweshwa, lakini swali hilo ndilo lenye thamani kuliko ada yote aliyolipa. Kwenye maeneo ya wachimbaji ongeza jingine: je, palikuwa na duara hapa? Mashimo ya zamani ya Nyarugusu au Mgusu huko Geita hayaonekani yakishafukiwa kwa kifusi, na wazee wa mtaa hukumbuka yalipokuwa kuliko jalada lolote. Waulizwe, na jibu lao liandikwe.

Kibali kikitoka, ukaguzi unaanza: msingi, lenta, paa, na mwisho jengo likikamilika. Wengi hukitundika kibali ukutani na kusahau kumwita mkaguzi, kisha hushangaa benki ikikataa nyumba kama dhamana au mthamini akiandika thamani ndogo kuliko walivyotarajia. Mkaguzi aitwe msingi ukiwa bado wazi, nondo zikionekana, kabla zege halijamwagwa.