Taa zinacheza, mama haonekani

Wasomi wenzangu, tuache kusema ati «taa zilikuwa kali» kama vile hiyo inatosha kusifu mchezo. Kule Masisi niliangalia teatre moja ya usiku: ndugu wawili wanagombania mpaka wa shamba. Maneno mazuri, waigizaji wazuri. Lakini pale mama anapoinuka kuonyesha mti wa mpaka uliong'olewa, projekta nne zilikuwa zinaruka nyekundu, buluu, kijani, zikifuata ngoma. Uso wa mama hatukuuona. Na batu bengi waliokaa pale wako na kesi za mashamba kweli. Ule uso njo walikuja kutafuta.

Kwa konseri sina ubishi. Festival Amani, iliyoanza Goma 2014, ni muziki. Watu wanacheza, taa nayo icheze. Teatre inaomba kitu kingine: taa itulie wakati mtu anasema.

Wengi watasema shida ni ukosefu wa vifaa. Hapana. Konsole ya taa ilikuwa pale juu ya meza. Projekta ziliachwa tu kwa mode ya otomatiki, ile inayosikiliza ngoma. DMX512, lugha ya konsole na taa tangu 1986, iko kama mfereji wa kunyweshea mashamba (mimi ni mutu wa kilimo, munisamehe). Laini moja inapita kwa projekta zote, inabeba chaneli 512, na kila projekta inachota kuanzia adresi yake. Kama kila moja inatumia chaneli 7, adresi zitakuwa 1, 8, 15, 22. Ukiziweka zote 1, zitafanya kitu kimoja, na hutaweza kuangazia mama peke yake. Tena DMX ya kawaida inasema tu, haisikilizi: kable ikikatika, konsole haijui. Fundi ajaribu taa moja moja kabla watu hawajaingia. Kable ya mikro kwa mita chache inaweza kukubali. Ikiwa ndefu, taa zinaanza kutetemeka zenyewe. Mwisho wa laini kunawekwa rezista ya omu 120, na hiyo njo mafundi wetu wanasahau zaidi.

Na Walikale, pale konsole haiko kabisa? Weka projekta mbili kwa mode ya mkono, rangi nyeupe, moja kushoto, moja kulia, mbele ya waigizaji, juu kidogo ya vichwa. Zingine zima. Hata jenereta itakunywa mafuta kidogo.