Papa na Dagaa

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa upande wa filamu, nimekuja kuishuku methali hii. Filamu njema isiyo na fedha za matangazo hukaa kabatini hadi ikasahauliwa, isipokuwa apatikane mtu wa kuishika mkono na kuipeleka barazani. Ndiyo kazi waliyojitwika Elliot Grove na Suzanne Ballantyne wa tamasha la Raindance, London, walipoanzisha mwaka 1998 tuzo za kila mwaka za filamu huru za Uingereza. Huru, yaani zisizotegemea makampuni makubwa ya Hollywood.

Nina sababu yangu ya kuzipenda tuzo hizo. Filamu ya kwanza kushinda ilikuwa Nil by Mouth ya Gary Oldman, kuhusu familia maskini ya London. Mume mlevi, aliyeigizwa na Ray Winstone, anampiga mkewe mjamzito hadi mimba inatoka. Niliitazama kwa kaseti ya video katika chumba cha kupanga, na nusura niizime. Utotoni, ukuta mmoja tu ulitutenga na nyumba ya namna hiyo. Kila mwisho wa mwezi tulisikia yote. Baba aliongeza sauti ya redio, na asubuhi tukamwamkia mama yule kana kwamba hatukuuona uso wake umevimba. Filamu ile ndiyo iliyonizimia redio.

Kwa hiyo hafla ya mwaka 2018 iliniudhi. Ilifanyika Old Billingsgate, jumba la kando ya mto Thames ambalo hadi mwaka 1982 lilikuwa soko la samaki. Usiku ule papa aligombewa, dagaa wakabaki kwenye ungo. The Favourite, hadithi ya Malkia Anne na fitina za jumba lake, iliyoungwa mkono na Fox Searchlight, tawi la kampuni kubwa ya Marekani, iliondoka na tuzo 10. Ray & Liz, ambamo Richard Billingham anawasimulia wazazi wake mwenyewe, baba mlevi na mama asiyejali, huku mtoto wao mdogo akilala nje usiku wa baridi, iliambulia moja, ile ya mwongozaji anayeanza.

Haki nayo itendeke. The Favourite ni filamu nzuri, na Olivia Colman anamfanya malkia achekeshe na kutia huruma kwa pumzi moja. Tena Deborah Davis aliandika mswada wake wa kwanza mwaka 1998, mwaka uleule tuzo hizi zilipozaliwa, na hadithi hiyo ya wanawake watatu ikangoja miaka 20 kufika kwenye skrini. Aliyengoja hivyo simwiti mtoto wa tajiri. Uhuru wa filamu haupimwi kwa umaskini wa aliyeitengeneza.

Lakini sibishani kuhusu ipi ilikuwa bora. Nauliza ipi ilihitaji kushikwa mkono. The Favourite ilikuwa na wapiga debe wa kutosha, na mwaka 2019 Colman alitwaa Oscar. Ray & Liz haikuwa na mpiga debe ila watu kama wale waliokaa ukumbini usiku ule. Tuzo zilizoanzishwa ili kuwatafutia dagaa mnunuzi zikiishia kumpigia papa makofi, zitabaki na kazi gani ambayo wengine hawaifanyi?

Redio ya baba ilikuwa na nyimbo nzuri, sikatai. Ila hazikuwa ndizo tulizopaswa kuzisikiliza usiku ule.