Mpangaji wa Magunia na Kihenge cha Chuma

Kazi ya kupanga magunia ghalani huanzia sakafuni. Kabla turubai la lori halijafunguliwa, nyapara wa genge huzipitia chaga moja baada ya nyingine. Msumari uliochomoza huugonga ukazama, ubao uliopasuka huutoa. Msumari mmoja unatosha kutoboa gunia, na gunia likishatoboka chini ya mengine mia mbili hakuna mkono utakaolifikia tena. Chaga huwekwa mita moja kutoka ukutani, ili mtu aweze kuzunguka akikagua, na ukuta ukilowa wakati wa mvua usiyaguse mahindi. Katika maghala ya nafaka ya Shinyanga nyapara wa namna hii huwa mtu mzima aliyeanza kwa kubeba. Vijana wanaoingia humwamkia, "Mwangaluka, mzee," naye huitikia macho yakiwa bado kwenye mbao.

Lori la mahindi kutoka Ushetu, Bukombe au Mbogwe hupita kwanza kwenye mizani ya magari. Kisha anakuja mkaguzi na bambo lake, bomba la chuma lenye ncha kali na mfereji ubavuni. Hulichoma gunia kwa kuelekeza bambo juu kidogo, mfereji ukiwa umetazama chini ili usijae punje za pembeni pekee; likishafika katikati hulizungusha, na mahindi ya ndani yakatiririka hadi kiganjani. Hachagui magunia yaliyo karibu. Shehena ikizidi magunia mia moja, idadi ya kuchoma ni kipeuo cha pili cha jumla: kwenye magunia 400, huchoma 20, ya juu, ya kati na ya chini. Akichomoa, hulisugua tundu kwa ncha ya bambo mpaka nyuzi zirudiane, punje isidondoke. Wachache hutazama hatua hii, lakini mimi hupenda kuingoja, kwa sababu inamwonyesha mtu anayeheshimu mali isiyo yake.

Unyevu wa mahindi haupaswi kuzidi asilimia 13.5, kiwango cha Afrika Mashariki. Leo kipimo cha umeme hutoa jibu papo hapo. Zamani mkaguzi aliuma punje na kusikiliza inavyovunjika: kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Wakulima wengi bado hutumia chupa kavu na chumvi kavu. Punje hutiwa humo pamoja na chumvi, chupa ikatikiswa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Wapo wakaguzi wenye kipimo cha umeme mfukoni ambao bado huuma punje kwanza, wakakadiria, ndipo wakasoma namba. Makadirio yao hukaribia sana.

Sasa magunia yanashuka. Wawili walio juu ya lori hunyanyua gunia la kilo 50 na kulitua begani kwa mwenzao, ambaye amejifunika gunia tupu kichwani na kisogoni. Haliangushwi. Hushushwa wakati goti la mbebaji limelegea kidogo, ili uzito uingie mwilini bila kishindo. Hutembea kwa hatua fupi za haraka hadi kwenye staki na kupanda ngazi ambayo ni magunia yenyewe, yaliyoachwa makusudi katika upande mmoja. Ngazi hiyo itazibwa mwishoni kabisa.

Juu anamngoja mpangaji. Safu ya kwanza huilaza yote ikielekea upande mmoja. Ya pili huikingamisha, kila gunia likilalia maungio ya mawili ya chini, kama mwashi anavyofunga tofali kwa tofali. Yale ya pembeni midomo yake hutazama ndani, kwa hiyo mshono ukifumuka mahindi hayamwagiki nje. Kila gunia akishalilaza hulipigapiga kwa viganja viwili, punje zitambae hadi pembeni na mgongo wake uwe bapa. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, hulikataa hapa hata kama limeponyoka mizani, kwa sababu tumbo lake la mviringo huteleza na kubeba jirani zake. Kila baada ya safu chache huingiza kingo ndani kwa kiasi cha vidole viwili, ili staki ijiegemee yenyewe. Nyapara husimama kwenye kona, hufumba jicho moja, akatazama kutoka chini hadi juu. Akiona gunia limetoka, husema litolewe, hata kama safu mbili zimeshalala juu yake. Nao huzitoa. Hakuna anayenung'unika, maana wote wanajua staki ikiporomoka huwa kuna mtu chini.

Pembeni karani anahesabu: kijiti kwa kila gunia, cha tano kikikata vinne. Hesabu yake ina shahidi, naye ni staki yenyewe: safu ya magunia 40, ikirudiwa mara 20, ni 800, yaani tani 40. Namba hizo zikipishana, kazi husimama. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, kijiti cha karani kimekuwa na uzito wa fedha, kwa kuwa stakabadhi huandikwa kutokana nacho. Mnunuzi wa dengu aliye Dar es Salaam anaweza kushindana bei kwenye mnada wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania bila kuuona mzigo. Anachokiamini ni bambo, mizani na ile hesabu.

Baada ya kupanga huja kufukiza. Kanda hii inamjua adui wake: dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, alionekana kwanza Afrika kwa jirani zetu wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Staki hufunikwa kwa turubai lisilopitisha hewa, kingo zikabanwa sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga iliyolazwa ikipandana miisho. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini huwekwa chini, watu wakatoka, mlango ukafungwa kwa siku zisizopungua saba. Gesi hiyo inaua mtu vilevile, kwa hiyo haraka haina nafasi hapa.

Mashine zimeingia kwenye kazi hii. Marekani, Amazon ilinunua kampuni ya roboti ya Kiva Systems mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na katika maghala yake mengi sasa rafu humfuata mfanyakazi badala ya yeye kuzifuata. Kwetu badiliko limepitia kwenye nafaka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulitumia mkopo kutoka Poland kujenga vihenge vya chuma na maghala mapya katika maeneo manane, Shinyanga likiwa mojawapo, kwa lengo la kupandisha uwezo wa hifadhi kutoka tani 251,000 hadi 501,000. Katika kihenge cha namna hii mahindi humwagwa kwenye shimo la kupokelea, mkanda wenye vikombe ukayapandisha, yakapepetwa, yakakaushwa yakihitaji, kisha yakamiminwa kutoka juu. Hakuna bega lililoguswa.

Ustadi haukutoweka, umehamia kwenye chumba cha mitambo. Ndani ya kihenge zinaning'inia nyaya zenye vihisio vya joto kutoka paani hadi karibu na sakafu, na mwendeshaji husoma namba zake kila asubuhi. Namba moja haimwambii kitu. Huilinganisha na ya jana, ya juzi na za majirani zake. Kihisio kikipanda nyuzi mbili tatu huku vya kando vimetulia, anajua kuna kinachopumua pale, wadudu au ukungu. Kwanza huhakikisha kihisio hicho kimezama ndani ya mahindi, maana kilicho wazi juu hupima jua la Shinyanga linalopiga bati. Kisha husubiri usiku, hewa ya nje ipoe, ndipo awashe feni. Akiwasha usiku wa mvua ataingiza unyevu aliokusudia kuutoa, kwa hiyo hupima hewa kwanza, na pengine huahirisha hadi kesho.

Mzee wa magunia alilijua jambo hilohilo kwa njia yake. Huchomeka chuma kirefu chembamba katikati ya staki, hukiacha kwa muda, akakichomoa na kukigusisha nyuma ya kiganja. Joto la kupumua kwa mahindi analitofautisha na joto la mchana. Vihisio vinasoma mahali pengi zaidi na havilali, lakini swali vinalojibu ni lake.

Kinachoniuma ni kwamba kazi zikipungua, wa kwanza kuondoka ni kibarua asiye na mkataba, naye huondoka na elimu yote hii. Mahindi ya kihenge bado hutoka kwa magunia yanapokwenda kwa wasagishaji na kwa wilaya zenye upungufu. Miji ya dhahabu, Geita, Kahama na Katoro, imejaa watu wanaoshinda kwenye mashimo na mitambo ya kusaga mawe, na unga wao unategemea mtu aliyeweza kuzuia mahindi yasioze. Kwa hiyo nawaomba wenye maghala, ya serikali, ya ushirika na ya watu binafsi: mnapofunga mtambo mpya, waandikisheni nyapara na wapangaji wenu katika mafunzo ya kuuendesha kabla ya kutangaza nafasi hizo kwa wengine, na asiyejua kusoma vizuri akae siku zake za mwanzo pamoja na kijana anayejua, wasomeshane.