Jini Amejaa Bangoni, Ziwa Halimo

Jamani wachoraji, nani aliwaambia fuvu na damu vinatosha? Kijana mwenzetu wa Mbinga kanionyesha mchoro wa bango la sinema yao ya kutisha, kisa cha mvuvi wa Liuli anayepotelea ziwani. Katikati jini, macho mekundu, meno kama msumeno. Pembeni kisu, mwezi na sura za waigizaji watano. Ziwa lenyewe je? Halimo!

Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, jina peke yake lilikuwa nusu ya kazi. Ni neno la Wanyakyusa, majirani zetu wa kaskazini ya ziwa hilihili. Mfu anayerudi hahitaji kuchorewa pembe.

Hebu tazama bango la Jaws, la 1975. Roger Kastel alimchora papa waziwazi, sikatai, lakini kinachokubana kifua ni yule mwanamke anayeogelea juu yake bila habari. Sisi tunajua, yeye hajui. Nyasa hakuna papa, ila kuna kina cha mita 700 kwenye vilindi vyake. Basi chora mtumbwi mtupu, karabai bado inawaka, kasia halipo. Nyuma liwepo lile jabali lililowafanya Wajerumani waiite Liuli Sphinxhafen. Mvua dagaa atashtuka kabla hajasoma jina.

Sura za mastaa? Moja, tena ndogo. Mwenye kibanda cha video atanung'unika, najua. Na yale maandishi "INATISHA SANA" yafutwe.