Hongereni, Maseremala wa Masasi na Newala

Anayeisifu nchi ya Wamakonde husifu vinyago vya mpingo, basi. Leo sifa ziwaendee maseremala, wa Newala kule juu uwandani na wa Masasi penye majabali. Mwoneshe fundi kwenye simu picha ya meza ya kisasa ya sebuleni, ile fupi ya kufika magotini; atakuuliza kwanza: mninga au mkongo? Mkongo ni mzito, mgumu, unamaliza makali ya randa. Mninga ukikaushwa vizuri haupindi ovyo, na kwa michirizi yake ya kahawia kuupaka rangi ni dhambi. Msasa na vanishi vinatosha.

Mtazame anapochonga ulimi wa mguu. Anaujaribu tunduni, anauchomoa, anapunguza kidogo kwa patasi, anaurudisha, ndipo anatia gundi. Msumari hakuna. Kisha anapima fremu kwa kamba, kona hadi kona, mara mbili. Vipimo vikilingana, imekaa sawa.

Meza za bodi za madukani zinang'aa zaidi, sikatai, ila maji yakipenya zinavimba. Hongereni, mafundi. Na bei yenu msimpunguzie kila anayelalamika, mimi nikiwemo.